Sanduku la Ember na Mawe ya Gilgali

Kila mzazi, mlezi na mwalimu wa shule ya Jumapili hufika siku moja mahali ambapo analijua jambo zito ambalo mtoto aliye mbele yake halijui. Pengine ni kifo. Pengine ni ugonjwa. Pengine ni habari za baba ambaye mtoto hajawahi kumwona. Hapo swali hutujia: upendo unatutaka tuseme, au unatutaka tunyamaze? Wengi wetu tumelelewa katika wazo kwamba mzazi mwema humkinga mtoto wake na huzuni. Katika insha hii tunataka kulipima wazo hilo kwa msaada wa hadithi moja ya watoto, kisha tulilete mbele ya Maandiko.

Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani, Jeanne DuPrau, alitoa kitabu kiitwacho The City of Ember. Kilikuwa cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vinne, cha mwisho kikatoka mwaka 2008, na mwaka huohuo filamu ikatengenezwa kutokana na kitabu cha kwanza. Si kitabu cha dini. Ni hadithi ya kubuni kwa ajili ya watoto, juu ya mji uliojengwa chini ya ardhi. Lakini ndani yake limo swali letu lote.

Ember ni mji usio na jua, mwezi wala nyota. Anga lake ni jeusi mchana na usiku, na mwanga pekee unaojulikana ni wa taa za umeme. Taa zikizimika, giza ni la kutoona hata mkono wako. Hakuna aliye na taa ya kubeba mkononi, kwa hiyo hakuna awezaye kwenda mbali nje ya mji akajua kuna nini huko. Watu wa Ember hawajui kwamba wako chini ya ardhi. Wao hudhani mji wao ndio ulimwengu.

Hadithi inaanza mwaka wa 241 tangu mji ukaliwe. Jenereta imechakaa na umeme unakatika mara kwa mara. Vyakula vya makopo vinakwisha ghalani, balbu zinakwisha, na meya anajilimbikizia kwa siri vile vichache vilivyobaki. Kundi moja la watu hukusanyika kuimba, likiwangoja Wajenzi wa mji warudi kuwaonyesha njia. Watoto wawili wenye umri wa miaka 12, Lina na Doon, wamemaliza shule na kupangiwa kazi. Lina anakuwa tarishi, akikimbia mitaani kupeleka ujumbe. Doon anafanya kazi ya kukarabati mabomba chini ya mji, mahali unapopita mto wenye kasi. Hao wawili ndio wanaopata njia ya kutoka.

Je, Wajenzi waliwasahau watu wao? Hapana, na hapa ndipo hadithi inapotugusa. Wajenzi waliona hatari kubwa inaikaribia dunia, wakataka kabila la wanadamu lisiishe. Waliujenga mji, wakajaza maghala, wakaandika maelekezo ya kutoka, wakayatia katika kisanduku cha chuma chenye kufuli la saa. Kufuli hilo lilitegwa lifunguke lenyewe baada ya miaka 200. Kisanduku alikabidhiwa meya wa kwanza, naye angempa wa pili, wa pili angempa wa tatu, kwa siri, mpaka siku itimie.

Kisha wakapelekwa wakaaji wa kwanza: wazee 100 na watoto wachanga 100. Kila wazee wawili, mwanamume na mwanamke, waliwalea watoto wawili. Wazee hao walikubali kuliacha jua wasilione tena mpaka kufa, ili watoto waishi. Hatuwezi kusema hawakuwa na upendo. Lakini waliwekewa sharti moja: watoto wasiambiwe kamwe kwamba upo ulimwengu wa nje. Sababu ya sharti hilo ilikuwa ya huruma. Wajenzi hawakutaka watoto wahuzunike kwa kitu walichokipoteza.

Sababu hiyo tunaifahamu sisi wenyewe, kwa maana ndiyo tunayoisema majumbani mwetu. “Mtoto asiambiwe, ataumia.” “Mwacheni kwanza, bado mdogo.” Tunasema hivyo kwa kuwa tunapenda. Basi tuangalie huruma ya namna hiyo ilizaa nini katika Ember.

Kwanza, ilizaa upotevu. Meya wa saba aliugua. Akadhani huenda ndani ya kisanduku kuna dawa au siri ya kumwokoa, akakichukua nyumbani kwake, akajaribu kukivunja. Hakuweza. Akafa kabla ya kukirudisha na kabla ya kumwambia yeyote. Kisanduku kikabaki kabatini, nyuma ya vitu vingine, vizazi kwa vizazi. Miaka 200 ilipotimia kufuli likafunguka gizani, na hapakuwa na mtu wa kulisikia. Ni rahisi kumlaumu meya huyo, naye anastahili lawama. Lakini tumuulize pia aliyepanga: kwa nini uhai wa mji mzima ulitundikwa kwenye ulimi wa mtu mmoja? Kama wenye mji wote wangelijua kwamba kipo kisanduku, siku ya mazishi ya meya wangeuliza, “Kiko wapi?” Hawakuuliza kwa sababu hakuna aulizaye kitu ambacho hajawahi kusikia kwamba kipo.

Mambo kama hayo hutokea katika familia zetu. Mama anafariki, na pamoja naye inakwenda habari ya ukoo wa mtoto wake. Babu anafariki, na hakuna ajuaye mpaka wa shamba wala deni alilokuwa nalo. Siri inayobebwa na mtu mmoja huzikwa pamoja naye.

Pili, na hili ni zito zaidi, huruma ile iliondoa tumaini pamoja na huzuni. Watoto wa Ember hawakulilia jua, ni kweli. Lakini pia hawakulitamani, hawakulitafuta, na taa zilipoanza kuzimika hawakuwa na mahali pa kuelekeza macho. Walichokijua ni kulimbikiza, au kukata tamaa, au kungoja. Mtume Paulo anauliza katika Warumi 10:14 watu watamwaminije yule ambaye hawajapata kusikia habari zake. Ndivyo lilivyo na tumaini. Mtu hawezi kutumaini nchi ambayo hakuambiwa kwamba ipo. Anayemfungia mtoto mlango wa huzuni, mara nyingi tumaini nalo hubaki nje ya mlango huohuo.

Tuchukue kifo. Mtoto wa miaka mitano amefiwa na mama yake. Watu wazima wanamwambia, “Mama amesafiri.” Siku za kwanza neno hilo linamtuliza. Baadaye mtoto anakaa mlangoni akingoja. Wiki zinapita, anaanza kujiuliza ni kosa gani alilofanya hata mama asirudi, wala asipige simu. Angalieni tulichofanya. Tumemwondolea msiba, tukampa kuachwa. Na zaidi ya hayo, tumemnyima Injili. Tutamwambiaje habari za ufufuo mtoto ambaye kwake hakuna aliyekufa? Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba hataki wakose kujua habari za waliolala, wasije wakahuzunika kama watu wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Hakuwakataza kuhuzunika. Aliwapa maarifa ili huzuni yao iwe na tumaini ndani yake.

Bwana wetu mwenyewe anatufundisha katika Yohana 11. Alipokuwa akienda kwa Lazaro, kwanza alitumia neno laini, akasema rafiki yao amelala. Wanafunzi wakaelewa vibaya, wakafikiri ni usingizi wa kawaida na kwamba atapona. Yesu hakuwaacha katika kosa hilo, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro angekuwa hai. Akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Basi neno laini halikatazwi. Lakini likimpoteza anayelisikia, upendo hulirudia kwa uwazi.

Tuchukue pia jambo ambalo makanisani tunalinong’ona. Wapo kati yetu watoto waliozaliwa na virusi vya UKIMWI. Kwa neema ya Mungu na kazi ya watabibu, leo mtoto huyo anaweza kukua, kusoma, kuoa au kuolewa, mradi ameze dawa zake kila siku bila kuacha. Wengi wao huambiwa ni dawa ya kifua, au ya damu. Mtoto wa miaka saba anakubali. Wa miaka 12 anauliza: kifua changu hakiniumi, mbona nameza kila siku? Wa miaka 15 anaweza kuacha kabisa, kwa kuwa haoni sababu. Au anaisoma sababu yenyewe kwenye karatasi ya dawa, peke yake, bila mtu wa kumshika mkono. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri kwamba mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aambiwe hali yake, na aliye mdogo zaidi aandaliwe hatua kwa hatua kwa kadiri ya ufahamu wake. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni mzazi, na mwenye kuumbuliwa ni mtoto.

Tunajua kuna wasomaji watakaotupinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema: Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba alikuwa na mengi ya kuwaambia, lakini hawakuweza kuyastahimili wakati ule (Yohana 16:12). Je, huko si kuficha?

Hoja hiyo tunaikubali kwa nusu. Ni kweli kwamba ukweli una wakati wake. Hatumpi mtoto mchanga nyama ngumu, wala hatumwelezi mtoto wa darasa la kwanza kila jambo lililovunja ndoa ya wazazi wake. Lakini tuangalie namna Yesu alivyosema. Aliwaambia wanafunzi kwamba yako mengi zaidi. Hakuwaacha wafikiri kwamba wamekwisha kujua yote. Kisha, katika mstari unaofuata, akawaahidi Roho wa kweli atakayewaongoza. Kwa hiyo walijua mambo mawili: kwamba kuna kilichobaki, na kwamba hawatakifikia peke yao. Wazee wa Ember walifanya kinyume chake. Hawakusema, “Mkikua tutawaambia.” Waliapa watoto wasijue hata kwamba kuna la kuambiwa. Kumchelewesha mtoto ni kumwambia kwamba utamweleza zaidi akikua, kisha akikua umweleze kweli. Kumfutia ni kumfanya asiwe na swali kabisa. La kwanza ni malezi. La pili ni kumwibia mtoto mali yake.

Maandiko yanatupa njia nyingine ya kuhifadhi jambo zito kwa ajili ya watoto wajao. Katika Yoshua 4, Israeli wamevuka Yordani kwa nchi kavu. Bwana anaagiza watu 12, mmoja kwa kila kabila, wachukue kila mmoja jiwe kutoka katikati ya mto. Yoshua anayasimamisha mawe hayo Gilgali. Kwa nini? Ili siku zijazo watoto waulize maana yake, nao baba zao wawaeleze.

Tulinganishe mawe hayo na kisanduku cha Ember. Kisanduku alikabidhiwa mtu mmoja. Mawe yalibebwa na watu 12. Kisanduku kilifichwa, mawe yalisimamishwa wazi. Kisanduku kilihesabu miaka bila kumjali anayeishi. Mawe yalingoja swali la mtoto. Mtoto wa miaka minne angeyaona akasema ni mawe tu. Wa miaka kumi angeuliza. Kila mmoja angepata jibu la kimo chake, na jambo lenyewe lisingepotea hata mzee mmoja akifa ghafla.

Na tusidhani kwamba mawe hayo yalikuwa ya kusimulia mema tu. Katika Zaburi 78 Asafu anaazimia kutowaficha watoto yale ambayo mababa waliwasimulia. Kisha anasimulia, na katika masimulizi hayo yamo maajabu ya Mungu pamoja na uasi wa mababa hao, ukaidi wao na aibu yao. Hakuchagua kurasa nzuri akazichana nyingine. Alitaka watoto wamtumaini Mungu, na alijua kwamba hawawezi kujifunza rehema kama hawakuambiwa kosa.

Israeli nao walipata kukipoteza kisanduku chao. Katika 2 Wafalme 22, mwaka wa kumi na nane wa mfalme Yosia, kitabu cha torati kilipatikana hekaluni wakati wa matengenezo. Hakikuwa nchi ya mbali. Kilikuwa ndani ya nyumba ya Bwana, kama kisanduku cha Ember kilivyokuwa ndani ya kabati. Mfalme aliposomewa akararua mavazi yake. Ukweli uliochelewa ulimwumiza sana, lakini hakusema afadhali asingeujua. Aliwakusanya watu wote, wadogo kwa wakubwa, ukasomwa masikioni mwao. Hakukabidhi kitabu kwa mtu mmoja tena.

Basi sisi wazazi, walezi na walimu tufanye nini? Tunashauri kwamba kila mwenye jambo analomficha mtoto ajiulize maswali manne mbele za Mungu. La kwanza: je, siku ya kumwambia nimeiweka, au nasema “baadaye” isiyo na mwisho? La pili: nikifa usiku huu, yuko mtu mwingine anayejua na atakayemwambia kwa upendo? La tatu: mtoto huyu ana ruhusa ya kuniuliza, au amejifunza kwamba akigusa jambo hilo nakunja uso? La nne ndilo gumu kuliko yote: ninayemlinda ni mtoto, au ni mimi mwenyewe na aibu yangu?

Anayeyajibu maswali haya kwa ukweli ataona pa kuanzia. Si lazima aseme yote siku moja. Aanze na sentensi moja ya kweli, isiyohitaji kufutwa baadaye. “Mama amekufa. Mwili wake haufanyi kazi tena, na hatarudi nyumbani. Tunamlilia, na tunaamini Yesu atamfufua.” Au, “Katika damu yako kuna wadudu wadogo, dawa hii inawalaza. Ukikua nitakueleza zaidi.” Sentensi hizo mtoto wa miaka sita anaweza kuzibeba, na akifika miaka kumi na sita hatagundua kwamba alidanganywa. Kisha mtu mzima abaki pale. Mtoto hawezi kubeba ukweli mzito akiwa peke yake, na hapo ndipo kanisa linapoitwa: mchungaji, mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, shangazi mwenye hekima. Usharika unaomnyooshea kidole mtoto aliyeambiwa ukweli ndio unaowafundisha wazazi kuendelea kuficha.

Turudi Ember kwa mara ya mwisho. Katika hadithi, Lina hupenda kuchora mji ambao hajawahi kuuona, na siku moja analipaka anga la mchoro wake rangi ya buluu. Kwake ni jambo la ajabu, maana anga analolijua ni jeusi. Hakuna aliyemwambia habari za mbingu ya buluu, lakini moyo wake uliitafuta. Mhubiri anasema katika sura ya 3 kwamba Mungu ameiweka milele ndani ya mioyo ya watu. Watoto wetu nao wanajua kuna kitu. Wanaona tunavyonyamaza wakiingia chumbani. Wanaichora mioyoni mwao ile habari tusiyowapa, na mara nyingi mchoro wao unatisha kuliko ukweli wenyewe.

Lina na Doon walipotoka nje waliliona jua likichomoza. Njiani walikuwa wameokota daftari ambalo mmoja wa wale wazee wa kwanza aliliandika kwa siri na kuliacha karibu na njia ya kutokea, kinyume cha sharti, kwa kuwa alitaka mtu ajue. Humo wakajifunza walikotoka wazee wao na kilichopotea. Kisha, kupitia ufa wa mlimani, wakauona mji wao chini kabisa, mwanga mdogo katikati ya giza. Wakaandika barua, wakaifunga kwenye jiwe, wakaitupa chini ili waliobaki nao waijue njia.

Ukweli ambao wazee waliapa kuwaficha, watoto hawakuuficha. Walipoupata tu, jambo la kwanza walilofanya ni kuwapa wengine. Na wetu watatupa tulichowapa. Mungu atujalie ujasiri wa kuanza wiki hii, kwa sentensi moja ya kweli, huku tumewashika mkono.